Maelezo ya Mayungiyungi ya Milimani: Uhakiki wa Lugha ya Kupambanua Mimea Inayofanana

Ni jambo jepesi kulitaja ua; ni jambo zito kulieleza, hata mtu ambaye hajapata kuliona aweze kulitambua akilikuta katikati ya maua mengine yanayofanana nalo. Jina hupokewa kwa urithi au kwa mkopo, lakini maelezo hayana budi kujengwa neno kwa neno. Kwa sababu hiyo elimu ya mimea ni mtihani mkali wa nathari ya lugha yo yote. Mshairi aweza kulisifu ua kwa uzuri wake bila ya kusema ni ua gani, na msomaji hamdai zaidi. Mtaalamu wa mimea hana ruhusa hiyo. Maelezo yake yakimfanya msomaji achukue ua moja kwa jingine yameshindwa, hata yakiwa na ufasaha wa namna gani.

Mtihani huo ndio unaotumiwa hapa kupima namna Kiswahili kinavyoeleza mimea. Mfano uliochaguliwa ni wa mayungiyungi ya mwitu yaotayo katika milima ya Appalachia, upande wa mashariki wa Marekani. Umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, mimea hiyo hufanana mno; hata watu waliozaliwa chini ya milima hiyo huikosea. Pili, hakuna msemaji wa Kiswahili aliyerithi majina yake kwa wazee wake. Mtu wa Pemba akielezwa mkarafuu, nusu ya kazi hufanywa na jina, kwa kuwa mti wenyewe umo kichwani mwake. Kwa maua ya Appalachia jina halisaidii kitu. Maelezo peke yake ndiyo yanayobeba mzigo wote, na udhaifu wake huonekana mara moja.

Jina na mpaka wake

Neno yungiyungi katika matumizi ya kawaida ni ua la majini, ambalo jani lake huelea juu ya ziwa au dimbwi. Neno hilo hilo limetandazwa likafunika maua ya nchi kavu ambayo Wazungu huyaita kwa jina lililotokana na neno la Kilatini Lilium. Si ajabu, maana lugha zote hutandaza maneno. Lakini katika elimu ya mimea hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana. Ua la majini ni la jenasi ya Nymphaea, na haliko katika ukoo mmoja na Lilium wala katika ukoo wa karibu. Kwa hiyo msomaji akiambiwa habari za "yungiyungi la mlimani" pasipo maelezo, ana haki ya kushangaa kuwa ua la dimbwi limepandaje mlima.

Wafasiri wa Biblia walikutana na taabu hii mapema. Katika tafsiri ya muungano iliyotolewa mwaka 1952, mahali pa Injili ambapo Wazungu wengi huweka jina la Lilium pamewekwa neno la jumla, maua. Na katika Wimbo Ulio Bora limewekwa neno nyinyoro. Wako waliodhani kuwa huu ni upungufu. Kwa kweli ni busara. Wataalamu hawajakubaliana hata leo ni ua gani hasa lililokusudiwa na maneno ya Kiebrania na Kiyunani katika mahali hapo, na mfasiri aliyesema "maua" hakudai ujuzi asiokuwa nao. Maana ya mafundisho haikupungua, kwa kuwa mafundisho hayo hayategemei idadi ya tepali. Lakini yanayomtosha mhubiri hayamtoshi mwanafunzi wa mimea, na kosa la waandishi wengi ni kuchukua jina lililotosha mahali pamoja na kulipeleka mahali pengine ambako halitoshi.

Yafaa kujua pia kwamba Lilium ya kweli haioti mwituni mahali po pote katika Afrika. Jenasi hiyo ina aina zipatazo 100, nazo zimeenea katika Asia, Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Maua ya Afrika ya Mashariki ambayo wageni waliyapa jina hilo, kama yale ya Crinum na Scadoxus, ni ya ukoo mwingine. Alama moja yatosha kuyatenga: katika Lilium ovari imekaa juu ya mahali tepali zinapoanzia, hata mtu akichungulia ndani ya ua huiona; katika Crinum na Scadoxus ovari iko chini ya ua, kama fundo katika kikonyo. Hapo ndipo tofauti ya jina na maelezo inapodhihirika. Jina limeyachanganya maua hayo kwa muda mrefu. Sentensi moja ya maelezo huyatenga.

Maua matano

Katika milima ya Appalachia na mabonde yake mna aina tano ambazo mtu huelekea kuzikuta na kuzichanganya. Lilium canadense ilipewa jina na Linnaeus mwaka 1753. Lilium superbum na Lilium philadelphicum zilipewa naye mwaka 1762. Lilium michauxii ilipata jina hilo mwaka 1814, kwa kumkumbuka Mfaransa Michaux aliyekusanya mimea katika nchi hizo. Lilium grayi ilipewa jina na Sereno Watson mwaka 1879, kwa heshima ya Asa Gray, mtaalamu mkubwa wa mimea wa Marekani katika karne ya 19, aliyepita katika milima ya Carolina mwaka 1841. Makao yake yanayojulikana zaidi ni Roan Mountain, mpakani mwa North Carolina na Tennessee, ambako vilele vyenye nyasi tupu hukaribia urefu wa mita 1,900.

Msomaji akumbuke kuwa katika Lilium hakuna tofauti kubwa kati ya sepali na petali; zote sita hufanana, na kwa hiyo huitwa kwa jina moja, tepali. Ndani yake mna stameni sita, na kila stameni ina uzi wake na kifuko cha chavua kilichoshikwa na uzi huo. Katikati umo mrija unaotoka juu ya ovari. Chini ya ardhi mna tunguu lenye magamba. Mpaka hapa maua yote matano ni sawa. Kazi inaanza pale yanapoachana.

Udhaifu wa rangi

Mwandishi wa Kiswahili anapoambiwa aeleze ua, mara nyingi huanza na rangi, na mara nyingi humaliza na rangi. Hasara ya desturi hii yaonekana wazi katika mfano huu. Superbum ni ya rangi ya chungwa inayogeuka nyekundu kuelekea ncha za tepali. Michauxii nayo vivyo hivyo. Philadelphicum ni ya chungwa mpaka nyekundu. Canadense aghalabu ni ya manjano, lakini katika milima ya kusini lipo tawi lake jekundu, ambalo wataalamu hulitenga kwa jina la editorum. Grayi ni nyekundu nzito kwa nje, na ndani imetiwa madoa ya rangi ya damu ya mzee. Basi mtu akiandika, "ua jekundu lenye madoa, laota mlimani," amezieleza aina nne au tano kwa mara moja, yaani hakueleza hata moja.

Kiswahili si maskini wa rangi kama wanavyosema baadhi ya watu. Damu ya mzee, urujuani, hudhurungi, rangi ya chungwa na kijani ni maneno ya kutosha, na la kwanza ni sahihi kabisa kwa madoa ya maua haya. Neno si pungufu. Rangi yenyewe ndiyo isiyo shahidi mwaminifu. Hubadilika kwa umri wa ua, kwa jua na kwa kivuli. Zaidi ya hayo, mmea ukikaushwa na kubanwa katika karatasi ili uhifadhiwe, rangi hupotea au hugeuka, na harufu hutoweka kabisa. Mtaalamu anayeshika jani kavu lililochumwa miaka 100 iliyopita hawezi kuliuliza lilikuwa na rangi gani. Maelezo yaliyotegemea rangi yamekufa pamoja na rangi.

Katika rangi zote za maua haya iko moja tu inayostahili kuaminiwa: nyota ya kijani iliyo kooni mwa superbum. Kila tepali ina mfereji wa nekta chini yake, na mifereji sita ya kijani ikikutana hufanya nyota inayoonekana wazi kwa mtu atazamaye ndani ya ua. Lakini angalia kwamba hata hapa kinachosaidia ni rangi pamoja na mahali na umbo. Anayesema "lina kijani ndani" hajasema kitu. Anayesema "lina nyota ya kijani kooni" amesema kila kitu.

Udhaifu wa mfano wa kuazima

Kosa la pili ni kufasiri mfano wa lugha nyingine bila ya kupima kama mfano huo una maisha katika Kiswahili. Kiingereza humwita superbum kwa jina lenye maana ya "kofia ya Mturuki," na jina hilo hutumiwa kwa mayungiyungi mengine mengi ambayo tepali zake zimejiviringa nyuma. Aliyetunga jina hilo alikuwa akifikiri kilemba kilichozungushwa kichwani. Lakini msomaji wa Kiswahili, hasa wa pwani, akisikia kofia ya Mturuki humjia tarabushi: kofia nyekundu, ndefu kidogo, yenye kuta zilizosimama na juu bapa, na kishada kikining'inia. Hakuna kitu kisichofanana na superbum kama tarabushi. Ikiwa ni lazima ua la milimani lifananishwe na kofia hiyo, basi grayi ndiyo inayoikaribia kwa wekundu wake na kuta zake zilizonyoka. Hivyo tafsiri ya neno kwa neno imelitoa jina kwa mwenyewe na kulipeleka kwa jirani.

Akiweka kilemba badala ya kofia, mfasiri ameponya kosa la picha, lakini bado hakueleza umbo, maana vilemba hufungwa kwa namna nyingi. Mfano wafaa kuwa msaidizi wa maelezo, si mbadala wake. Kanuni nzuri ni hii: mfano na utajwe pale tu ambapo msomaji wa Kiswahili akiufuata bila ya kuona picha atafika mahali palipokusudiwa. Kwa kanuni hiyo mfano wa kengele unafaa kwa canadense na grayi, kwa sababu kengele inajulikana kila mahali penye shule na kanisa, na mdomo wake uliopanuka ndio hasa unaotakiwa. Njuga haifai, ingawa ni jamaa ya kengele, kwa kuwa mdomo wake umefumbwa.

Nguvu ya vitenzi

Mwandishi akiacha kuegemea rangi na mifano ya kuazima, hujikuta akitafuta vitenzi, na hapo ndipo Kiswahili kinapoonyesha utajiri wake. Tofauti kubwa ya maua haya matano ni ya mkao na mkunjo, na mkao na mkunjo ni mambo ambayo lugha hii imeyagawa kwa vitenzi vingi vilivyo karibu lakini visivyo sawa.

Kuinama si kuning'inia. Kitu kilichoinama kina shingo inayokishika na kukielekeza chini. Kitu kinachoning'inia kimeachiliwa kwenye kamba yake. Ua la canadense huning'inia kwenye kikonyo kirefu kilichopinda kama upinde. Ua la grayi huinama, na mara nyingine hulala likitazama pembeni. Ua la philadelphicum halifanyi lo lote kati ya hayo: limesimama wima na kufunua uso wake juu.

Vivyo hivyo kubinuka si kujiviringa. Msemaji wa Kiswahili anamjua mtu aliyebinua midomo: mdomo umegeuka nje nchani, lakini mahali pake ni pale pale. Hivyo ndivyo ulivyo ukingo wa kengele ya grayi, tena kwa kiasi kidogo sana. Tepali za canadense zimebinuka zaidi, na kengele yake ni pana na ya wazi, lakini ncha hazirudi nyuma mpaka mwanzo wa ua. Tepali za superbum na michauxii zimejiviringa: zimerudi nyuma kiasi cha ncha kufika karibu na kikonyo au kukipita, hata ua lote laonekana kama limegeuzwa ndani nje. Mwandishi anayesema kwa maua yote manne kwamba "tepali zimepinda" ametumia kitenzi kilicho kweli lakini kisicho na faida.

Tofauti hii ya mkunjo si pambo. Inafuatana na mkao wa stameni, na hiyo nayo inafuatana na wageni wanaoliendea ua. Superbum ikizirudisha nyuma tepali zake huziacha stameni nje kabisa, nyuzi zikitawanyika pande zote, na vifuko vya chavua vikitikisika hewani. Vipepeo wakubwa wanapoteremka kunywa nekta hugusa vifuko hivyo kwa mbawa zao na kuichukua chavua kuipeleka ua jingine. Grayi imezifungia stameni ndani ya kengele, zikionekana kwa shida mdomoni. Mgeni wake mkuu ni ndege mdogo sana wa Amerika, mwenye mdomo mrefu mwembamba, anayefanya kazi ile ile inayofanywa na chozi katika Afrika, ila yeye hunywa akielea angani bila ya kutua. Msomaji akielewa uhusiano huu hatasahau tofauti ya maua, kwa sababu amepewa sababu pamoja na sura.

Jani, kidole na mizani ya maneno

Ua huishi siku chache, na jani hukaa miezi. Kwa hiyo maelezo yasiyosema kitu juu ya jani humwacha msomaji bila ya msaada kwa sehemu kubwa ya mwaka. Katika sehemu hii maelezo ya Kiswahili yana mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni mpangilio. Majani ya mayungiyungi haya kwa sehemu kubwa hutoka kadhaa mahali pamoja na kulizunguka shina, kisha shina huendelea tupu, kisha huja mengine. Wako wanaoandika "majani ya duara," na msomaji hufahamu kuwa jani lenyewe ni la mviringo, kumbe ni refu na jembamba. Maneno yamesema umbo mahali palipotakiwa kusemwa mpangilio. Ni afadhali kusema kwamba majani yamelizunguka shina kwa makoja. Koja ni shada la maua linalovaliwa shingoni, na msomaji hupata mara moja picha ya shina kuwa shingo na majani kuwa shada; wala hakuna hatari ya kudhani kwamba kila jani ni duara.

Mtego wa pili ni neno -pana. Kusema kwamba majani ya michauxii ni mapana kuliko ya superbum hakutoshi, kwa kuwa upana hutegemea umri na ardhi. Jambo la kusema ni mahali upana ulipo. Jani la superbum ni pana katikati, likipungua kuelekea ncha na kuelekea kitako. Jani la michauxii ni jembamba kitakoni, hupanuka kidogo kidogo, na upana wake mkubwa uko kupita katikati kuelekea ncha, kama kafi ya mtumbwi. Tena ni nene kushika. Kwa sifa hiyo peke yake michauxii hutambulika hata kabla ya kutoa tumba. Ua lake likifunguka hutoa harufu nzuri, na ndilo pekee katika mayungiyungi ya mwitu ya upande wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini lenye harufu. Jimbo la North Carolina lililifanya ua la mwitu la jimbo mwaka 2003.

Iko pia alama inayotafutwa kwa kidole. Ukingo wa jani la superbum kwa kawaida ni laini. Ukingo wa jani la canadense, na mishipa iliyo upande wake wa chini, vina vijimiba vidogo mno visivyoonekana vizuri kwa macho. Kidole kikipitishwa polepole hukwaruzwa. Maneno kukwaruza, laini, kuparuza na kuteleza ni maneno ya nyumbani, na watu wa kawaida huyatofautisha bila ya kufundishwa. Mtaalamu anayeyaacha na kutunga neno la Kilatini lenye kiambishi cha Kiswahili ameacha chombo kikali mkononi akatafuta butu.

Yapo, kwa upande mwingine, mambo ambayo hata yakisemwa kwa usahihi hayafai kutegemewa. Urefu ni mojawapo. Superbum iliyokomaa penye maji na mbolea hupita mita 2, nayo grayi aghalabu hukaribia mita 1 tu. Lakini superbum changa ni fupi, na ina ua moja au mawili. Tunguu ni jingine. Tunguu lina sifa zake, lakini kulitazama ni kuling'oa, na maelezo yanayomwagiza msomaji achimbe mmea adimu ili aujue jina humfundisha kuua kwanza na kuuliza baadaye.

Ufunguo

Mizani ya mwisho ya maelezo yote ni ufunguo, yaani jozi za sentensi ambazo msomaji huchagua moja na kuacha moja mpaka afike kwenye jina. Ufunguo hauna nafasi ya mapambo. Sentensi mbili za kila jozi zapaswa kusema juu ya jambo lile lile, la sivyo msomaji hawezi kuchagua. Kwa aina hizi tano waweza kuandikwa hivi:

1. Ua limesimama wima likitazama juu. Kila tepali ni nyembamba sana chini, na kati ya tepali na tepali pana mwanya: Lilium philadelphicum.
Ua limeinama, limelala au linaning'inia. Tepali hazina mwanya kati yake chini: nenda 2.

2. Tepali zimejiviringa nyuma, ncha zikikaribia kikonyo. Stameni ziko nje na zimetawanyika: nenda 3.
Ua ni kengele. Tepali zimebinuka, lakini ncha hazifiki kwenye kikonyo. Stameni hazikutawanyika: nenda 4.

3. Jani ni pana zaidi kupita katikati kuelekea ncha, tena nene. Ua lina harufu nzuri: Lilium michauxii.
Jani ni pana zaidi katikati, si nene. Ua halina harufu, na kooni mwake mna nyota ya kijani: Lilium superbum.

4. Kengele ni pana; tepali zimebinuka wazi; ua laning'inia kwenye kikonyo kirefu kilichopinda: Lilium canadense.
Kengele ni nyembamba. Tepali zimebinuka kidogo tu nchani. Ua limeinama au limelala: Lilium grayi.

Rangi ya tepali haikutajwa katika jozi hata moja, wala kofia, wala kimo. Ufunguo huu haufai kwa mche mchanga wenye jani moja. Jozi ya nne nayo ina mpaka wake: mahali canadense na grayi zinapoota pamoja huzaa mseto, na mseto hukaa katikati ya sentensi zote mbili. Msomaji akikuta kengele isiyo pana wala nyembamba, jibu la haki ni kwamba yamkini huo ni mseto, na mwandishi asione haya kuliweka neno yamkini katika maelezo yake. Neno hilo ni sehemu ya usahihi.

Pingamizi na majibu

Itasemwa kwamba kazi hii ni ya bure, kwa kuwa majina ya mimea ni ya Kilatini na vitabu vyake ni vya Kiingereza. Ni kweli kwamba sheria ya kimataifa ya majina ya mimea iliagiza tangu mwaka 1935 kuwa aina mpya ielezwe kwa Kilatini, na kwamba tangu tarehe 1 Januari 2012 imekubali Kilatini au Kiingereza. Kiswahili hakina cheo katika sheria hiyo. Lakini sheria hiyo inahusu siku ya kuzaliwa kwa jina; haihusu siku zote za baadaye, ambazo mwalimu, mlinzi wa msitu na mwanafunzi hutaka kujua mmea ulio mbele yao ni upi. Kazi kubwa ya Flora of Tropical East Africa, inayohusu Kenya, Uganda na Tanzania, ilianza kutolewa mwaka 1952 ikakamilika mwaka 2012, nayo imeeleza aina zaidi ya 12,000. Funguo zake zote ni za Kiingereza. Mimea ni ya hapa, na msemaji wa Kiswahili amekaa nje ya mlango wake.

Itasemwa pia kwamba maneno kama koja, kafi, kubinua na kukwaruza ni ya mtaani na hayana heshima ya elimu. Pingamizi hili husahau kwamba maneno ya Kilatini ya elimu ya mimea nayo yalikuwa ya jikoni na shambani kabla ya kuvaa joho: majina ya mkuki, ya yai, ya moyo, ya sahani. Heshima ya istilahi hutoka katika kutumiwa kwa maana moja isiyobadilika. Mwandishi akiamua kuwa kubinuka ni kugeuka nje nchani, na kujiviringa ni kurudi nyuma mpaka kwenye kikonyo, na akashika mipaka hiyo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, ametunga istilahi mbili pasipo kuazima hata herufi. Akiyachanganya, hata maneno ya Kiyunani hayatamwokoa.

Mwisho yako madhara yanayofuata maelezo mabaya, nayo si ya karatasini tu. Grayi ni mmea adimu. Makao yake ni machache, vilele vyake huvamiwa na vichaka, kuvu inayotia majani madoa imeishambulia, na kuchanganyika na canadense kwaweza kuifuta polepole bila ya mtu kuona. Anayeitafuta kwa maelezo ya "ua jekundu la mlimani" atahesabu canadense nyekundu akidhani ni grayi, na atatoa habari kwamba mmea umejaa tele mahali ambapo umekwisha. Au atachukua mbegu za mseto na kuzipanda kileleni kwa nia njema, akamaliza mwenyewe alichokuja kukiokoa. Hesabu ya mimea adimu hujengwa juu ya maelezo, na maelezo hujengwa juu ya vitenzi.

Hali ni ile ile kwa mimea ya milima ya Usambara, Uluguru na Kilimanjaro, ambayo mingi haipatikani mahali pengine duniani, na ambayo walinzi wake wengi husema Kiswahili tangu asubuhi hadi usiku. Siku watakapoandikiwa funguo kwa lugha yao, waandishi wake watafanya vyema kuacha rangi kwa mshairi, kuacha tarabushi kwa mwenyewe, na kumwambia msomaji ua limekaaje, limekunjikaje, na jani lake lina upana wapi.